Kifuu cha Mzee Shabani kwenye Msumari wa Delta

Mjukuu wangu Rehema aliponinunulia simu hii ya kugusa, jambo la kwanza alilonionyesha ni pale mahali pa kuandika hali yako, ili anayetaka kukupigia ajue kwanza kama unapatikana. Maneno yamekwisha andikwa, kazi yako ni kuchagua: Nipo. Nina shughuli. Nimelala. Niko kikaoni. Nikacheka. Akadhani sikuelewa, akaanza kunieleza upya polepole, kama anavyofundishwa mgeni kula samaki mwenye miba mingi. Nikamwacha amalize, maana mtoto akijitia ualimu usimkatishe. Kisha nikamwambia kwamba kazi hiyo nimeifanya mimi hapahapa Kibiti kwa miaka, na kioo cha kugusa sikuwa nacho. Nilikuwa na mlango mbovu wa kabati, misumari na vifuu vya nazi.

Hakuniamini. Basi nawaandikieni nyote, wajukuu zangu mnaotembea na simu mifukoni, maana naona mnadhani dunia ilianza siku mlipojifunza kukwangua vocha. Mimi naitwa Mwanaidi, wengi waliniita Bi Simu, na sasa nimestaafu. Nafuga kuku na nasema ninachotaka.

Kazi ya simu nilifundishwa na Mzee Idi, opereta mkuu wa swichibodi ya posta nilikoajiriwa nikiwa msichana. Alikuwa mtu mfupi, mwenye sauti nzuri kama ya mwadhini, na hakuwa na ugomvi na mtu yeyote. Ugomvi wake ulikuwa na jibu moja tu, lile la kumwambia mpigaji "hayupo" kisha ukakata.

Nilimwudhi wiki yangu ya pili. Mwanamke alipiga kutoka Dar es Salaam akimtaka mumewe, karani wa ghala la korosho lililokuwa mkabala na ofisi yetu. Nikachungulia dirishani, nikaona kiti kitupu. "Hayupo," nikasema, nikachomoa waya. Nilijiona hodari kweli, maana nilimjibu upesi na foleni ilikuwa ndefu. Kesho yake mchana yule mwanamke alishuka kwenye lori mbele ya posta, vumbi utosini mpaka kisiginoni, ana watoto wawili na sufuria, na uso wake ulionyesha hajui amekuja kuzika au kufumania. Mumewe siku ile alikuwa amekwenda kuswali alasiri, msikiti wa jirani.

Mzee Idi hakunigombeza mbele ya watu. Alimtafutia mgeni kiti, akaagiza chai, akaita mume aje achukue wanawe. Kisha akanitoa nje. "Mwanaidi," akasema, "ukimwambia mtu hayupo umempa nusu ya jibu, na nusu iliyobaki ataijaza mwenyewe kwa hofu yake. Mwambie mtu wake yuko wapi na atapatikana lini. Kama hujui, sema hujui, kisha katafute." Nimehudhuria semina nyingi baada ya hapo, nyingine zenye biskuti, na sijasikia somo lililolizidi hilo. Nampenda Mzee Idi mpaka leo, Mungu amlaze pema.

Ikaja miaka ya mageuzi. Maduka ya ushirika yalifungwa, ya watu binafsi yakafunguliwa, mabasi yakawa mengi, redio zikawa nyingi, na sisi wa swichibodi tukaitwa mmoja mmoja tukaambiwa mashine mpya haihitaji mikono mingi. Nilirudi Kibiti na kiinua mgongo na hasira. Hasira ilikwisha siku niliposhika simu ya kwanza ya mkononi, dude zito ambalo ungemrushia mbwa ungemvunja mguu. Nikasema moyoni, kumbe swichibodi imeota miguu. Nikainunua, nikafungua kibanda kando ya barabara kuu, karibu na stendi, nikawa nawapigia watu simu na kuwapokelea.

Mawimbi siku hizo yalifika kwa kusuasua. Aliyeniokoa ni Mzee Shabani wa Mahege, mkata boriti, mtu wa maneno machache na shoka kali. Alikuja siku moja na mti wa mkoko mrefu ajabu, akausimika mwenyewe nyuma ya kibanda, tukafunga antena juu yake. Nikamwandalia chai, akasema amefunga. Haikuwa kweli, nilimwona baadaye anakula muhogo stendi, ila ndivyo alivyokuwa, hapendi kushukuriwa. Tangu siku hiyo nikamwita kaka. Liwekeni akilini jambo hili, maana ndilo lililoniponza.

Sasa, shida ya kupokea simu Kibiti ni kwamba watu wa huku hatukai mahali pamoja. Leo mtu yuko mjini, kesho kahamia bondeni na familia nzima, wanaishi juu ya dungu, kile kibanda cha miti kilichoinuliwa, wanalinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe. Mwezi ukipita, yuko delta anakata boriti au anavua kamba, wiki tatu hajulikani. Mwingine kapanda basi la Dar. Mpigaji ananiuliza, "Fulani yupo?" nami naisikia sauti ya Mzee Idi masikioni, nami sijui fulani huyo kalala wapi.

Ndipo nikachukua mlango wa kabati uliokuwa umeliwa na mchwa upande mmoja, nikauchora mistari sita kwa mkaa, nikapigilia misumari. Mstari wa kwanza niliuita Mjini, wa pili Kijijini, kisha Dungu, Delta, Safari na Ndani. Kila mteja nikamchongea kipande cha kifuu chenye tundu na uzi, nikaandika jina. Wasiosoma niliwachorea alama. Kifuu cha Mzee Shabani kilikuwa na shoka. Ubao niliutundika nje ya kibanda ili mtu asinisubiri, na sheria ilikuwa moja: kifuu kinahamishwa na mwenyewe, au na mtu aliyetumwa na mwenyewe. Mimi sikigusi.

Nilidhani watu watanicheka. Walicheka wiki moja. Baada ya hapo, wallahi, niliwaonea fahari. Bi Hadija, mama mmoja asiyejua kusoma hata herufi ya kwanza ya jina lake, alikuwa akipanda kutoka bondeni siku ya soko na kapu kichwani, na kabla hajanunua chumvi anapita kukitoa kifuu chake Dungu na kukitia Mjini. Akiondoka anakirudisha. Hakusahau hata mara moja. Nyinyi mmeandikiwa "niko kikaoni" tangu mwaka juzi na kikao hakijaisha.

Mstari wa Ndani ulikuwa wa heshima. Hapo ndipo vilipokaa vifuu vya wajane walio kwenye eda, waliojifungua, na wanawali waliowekwa ndani. Mwanamume akipiga kumwulizia mwanamke, nami nikamjibu "yuko ndani," mwenye adabu hakuuliza la pili. Alisema nisalimie, akakata.

Hivyo mtu akipiga, natazama ubao namwambia: "Yuko dungu, atapanda sokoni Jumatano, piga saa nne." Na Jumatano saa nne anapiga, na mtu wake yuko kwenye benchi langu, kaoga na kuvaa kanzu kana kwamba sauti itaonekana. Siku hizi namsikia yule dada wa mtambo akiwaambieni mtu hapatikani kwa sasa. Sauti yake nzuri. Ila hasemi mtu yuko wapi wala atapatikana lini, na kila nikimsikia natamani apitie kwa Mzee Idi wiki mbili tu.

Simu za haraka, zisizoweza kungoja soko, zilikuwa kazi ya Salumu. Salumu alikuwa mwanamume wa makamo, mwembamba kama ufito, mwenye wake wawili na baiskeli moja, naye aliipenda baiskeli kwa haki zaidi. Alijua njia zote za panya mpaka kwenye mashamba ya mwisho. Huyo ndiye aliyenifundisha kwamba ujumbe huanza kusomwa kabla mjumbe hajafungua mdomo. Miaka ile mtu akiitwa kwenye simu, moyo unamruka, maana simu na msiba vilikuwa ndugu. Salumu akaweka utaratibu wake: akiwa na ujumbe wa heri anafika amepanda, anapiga kengele tangu mbali. Akiwa na ujumbe wa huzuni, anashuka mbali na kuikokota baiskeli kimya, ili wenyewe wajikaze taratibu. Hakumtangazia mtu. Watu waliona, wakaelewa, ikawa ndiyo desturi.

Siku moja nilimtuma Salumu kijiji cha Mtunda kumwambia bwana mmoja kwamba mkewe kajifungua salama pacha Dar es Salaam. Njiani akapata pancha. Akaikokota. Walipomwona anatokea kwenye mikorosho anaisukuma, mama mkwe wa yule bwana akaanguka chini, wanawake wakaanza kulia, na Salumu kila akipaza sauti kusema ni pancha, kilio kinamzidi. Walipoelewa walikuwa wamekwisha tuma mtu kwenda kuwaita wachimba kaburi. Aliporudi aliniambia, "Bi Mwanaidi, kuanzia leo natembea na pampu, na nikipata pancha nikiwa na habari njema naibeba baiskeli kichwani."

Haya. Niwaambie sasa kosa langu.

Kila aliyewahi kupokea simu za watu anayajua maneno haya: "Akipiga, mwambie sipo." Mie nilikuwa mkali juu ya hilo. Nilisema kama hutaki kuzungumza naye, nitamwambia yupo na hataki kuzungumza. Watu wakaniogopa, na ndiyo maana waliuamini ubao. Nilimkatalia diwani. Nilimkatalia dada yangu wa tumbo moja. Nikaja nikashindwa kwa Mzee Shabani.

Binti yake, Tatu, alikuwa muuguzi wa zahanati moja Dar es Salaam, akiishi Temeke kwa baba yake mkubwa. Kijana mmoja muuguzi mwenzake akaleta barua ya posa. Masika ilikuwa kali, barabara ya huku imekatika, magari yamelala kwenye tope siku nne nne. Washenga wakaona waipeleke barua kwa baba mkubwa, naye akaifungua. Barabara ilipofunguka na habari kufika Mahege, posa imekwisha jibiwa na Ijumaa ya ndoa imepangwa. Na kwetu binti hana wa kumwoza ila baba yake, akiwa hai na anapatikana. Baba asipojulikana alipo, ndipo wenye elimu ya dini hutafuta njia nyingine.

Mzee Shabani alikuja kibandani, akasimama mbele ya ubao. "Barua ya posa ya binti yangu imefunguliwa Temeke kama gazeti," akasema. Akakitoa kifuu chake Kijijini, akakitundika Delta. "Tatu akipiga, mie niko delta."

"Kaka Shabani, uko hapa mbele yangu."

"Kwako niko hapa. Kwake niko delta."

Nikautazama ule mti wa mkoko nyuma ya kibanda. Nikajidanganya kwa sheria yangu mwenyewe: kifuu kinahamishwa na mwenyewe, na mwenyewe kakihamisha, mimi nimegusa nini? Nikanyamaza. Akarudi Mahege akajifungia uani kwake.

Tatu akapiga. Nikamwambia yuko delta. "Atarudi lini?" Nikasema hajasema. Akapiga tena, nikajibu vilevile, nusu ya jibu. Mara ya tatu alisema kwa utulivu, sauti ya muuguzi, "Bi Mwanaidi, Ijumaa ndiyo siku. Shehe anasema kama baba hajulikani alipo wataangalia njia nyingine. Mie sitaki njia nyingine, mie nina baba. Mwambie akitokea, nitapiga kila siku saa nne." Nikasema nitamwambia. Nilijisikia vibaya, na nikauza vocha.

Jumanne ya wiki ileile nilikwenda Bungu kumzika binamu yangu. Nilifunga kibanda alfajiri, nikazima simu kwa heshima ya msiba, nikaondoka. Ubao nikauacha nje kama kawaida.

Niliporudi baada ya alasiri nilikuta watu wamejazana mbele ya kibanda, na jirani yangu muuza vitumbua, Mama Zuhura, akanipa habari. Mtumbwi mkubwa wa boriti umepinduka huko mdomoni mwa mto. Hakuna aliyejua nani alikuwa wapi, basi mwenyekiti akaja kwenye ubao wangu, akanakili majina yote yaliyokuwa Delta. Saba. Wanaume wakapanda lori la samaki kwenda Nyamisati kutafuta, Salumu akiwa wa kwanza, na baiskeli yake akaiegemeza ukutani kwangu. Tangu asubuhi watu sita wamepatikana, wengine waliogelea mpaka mikokoni, wengine hawakuwemo kabisa. Amebaki mmoja. "Kaka yako Shabani," Mama Zuhura akasema, akanishika mkono kunipa pole.

Nilitazama kile kifuu chenye shoka. Nikawasha simu kwa sababu mikono ilitaka kufanya kitu, nayo ikalia papo hapo. Abiria wa basi walikuwa wamefikisha habari Temeke.

"Bi Mwanaidi." Alikuwa analia. "Jina la baba limo kwenye ubao?"

Watu walikuwa wamenizunguka. Ningeweza kutoka pembeni. Nikaona nikitoka pembeni nitapata muda wa kutunga jingine.

"Tatu mwanangu, baba yako mzima. Yuko Mahege, nyumbani kwake."

"Karudi lini?"

"Hakwenda. Yuko hapo tangu uanze kupiga. Alikitundika kifuu, nami nikakudanganya."

Nilisikia anavuta pumzi, kisha simu ikakatika, na nyuso zote za Kibiti zilikuwa zinanitazama. Mwenyekiti akasema kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo wale wanamtafuta nani?"

Bodaboda hazikuwepo enzi hizo. Nikaomba lifti kwenye gari la mbao, nikapandisha na baiskeli ya Salumu, si kwamba najua kuiendesha, naogopa baiskeli mpaka leo, ila nilijua mzee anaijua na atarudi nayo haraka. Gari likanishusha njia panda. Nikaikokota.

Mzee Shabani alikuwa uani anabangua korosho. Aliinua macho, akaiona baiskeli ya Salumu inakuja kwake inakokotwa, kimya, bila kengele. Jiwe la kubangulia lilimdondoka. Sikuwa nimefikiria desturi ya Salumu hata kidogo, nawaapia, mpaka nilipouona uso wake.

"Ni Tatu?" akauliza.

Nilikuwa nahema. Na Mungu anisamehe, nilichelewa kumjibu kidogo kuliko pumzi ilivyohitaji.

"Tatu mzima," nikasema. "Aliyezama ni weye, kaka. Wanakutafuta majini tangu asubuhi. Salumu yumo."

"Nani kasema mie niko majini?"

"Kifuu chako."

Alikaa na maganda ya korosho mapajani. Kisha akauliza kama binti yake amesikia. Nikamwambia amesikia yote, la kuzama na la kudanganywa. Akainuka. Nikadhani atauliza simu iko wapi. Akasema, "Kwanza walio topeni. Tatu nimeshamkosea, hata nikimwahi leo siwezi kuwaacha wenzangu wananiita mtoni." Akapanda baiskeli. Sijawahi kumwona mzee akikanyaga vile. Mimi nilirudi kwa miguu mpaka barabarani.

Yaliyotokea Nyamisati nilisimuliwa na Salumu. Maji yalikuwa yameanza kujaa, wenzake wanamwambia watoke, naye kazama tope mpaka kiunoni katikati ya mizizi ya mikoko, anaita kwa sauti iliyokauka, "Mzee Shabaani." Nyuma yake, kutoka ufukoni, ikaitika sauti: "Nipo." Salumu akaanza kusoma dua ya kufukuzia mashetani, akaikosea katikati. Alipogeuka akamwona mzee kasimama amefunga kanzu kiunoni, anaingia topeni kumfuata. Walivutana mpaka nchi kavu.

Kwa rehema za Mungu hakufa mtu. Ila kesho yake, Jumatano ya soko, nililipa. Niliwaambia watu mbele ya ubao kwamba nilijua na nikanyamaza. Hakuna aliyenitukana, na afadhali wangenitukana. Walipita mmoja mmoja, kila mtu akachukua kifuu chake akatia mfukoni. Bi Hadija alikifunga chake kwenye ncha ya khanga, kama mtu anayefunga kitu asichotaka kukiona tena. Mpaka adhuhuri ubao ulikuwa misumari mitupu, isipokuwa kifuu kimoja chenye shoka, pale Delta. Nikaketi ndani nikalia, na sioni haya kusema.

Salumu alikuja, matope bado yamekaukia masikioni. Nikamwomba radhi. Akasema, "Nimekusamehe. Ila siku nyingine ukimficha mtu, nifiche na mie." Akatoa kifuu chake, akakitundika Mjini. Kilikuwa cha pekee siku nzima, nami nilikitazama kama mtu anavyotazama taa.

Tatu hakupiga Jumatano ile. Alhamisi Mzee Shabani alifika kabla ya saa nne, akakaa kwenye benchi. Saa nne ikafika. Ikapita. Watu wakajitia wananunua vitumbua kwa Mama Zuhura ili wasikilize. Mzee akainamisha kichwa. Ilikuwa saa nne na dakika kumi na kitu simu ilipolia. Nikampa.

Aliishika kwa mikono miwili. Nilisikia sauti ya Tatu, ndogo, kutoka ndani ya lile dude: "Baba? Upo?"

"Nipo, mwanangu," akasema. "Nilikuwepo siku zote."

"Najua. Nilitaka nikusikie mwenyewe." Kisha akaongeza: "Shehe anauliza kama utamfanya baba mkubwa wakili wako kwa simu, aniozeshe kesho."

Mzee Shabani akatazama barabara. Basi la Dar lilikuwa linanguruma stendi, utingo anapiga bodi. "Mwambie shehe baba yako anakuja," akasema, akanirudishia simu. Akaenda kwenye ubao, akakitoa kifuu chake Delta, akakitundika Safari, akavuta uzi kuhakikisha kimekaa. Kisha akapanda basi, bila mfuko, na kandambili zake zina tope la Nyamisati.

Basi lilipoondoka, Bi Hadija, aliyelala mjini tangu soko, alifungua ncha ya khanga. Alisogea kwenye ubao, akapapasa misumari ya Mjini kana kwamba anachagua nyanya, akakitundika kifuu chake, akaenda zake kununua chumvi. Wengine walimfuata siku ileile, na wengine iliwachukua miezi. Sikuwalaumu. Tangu hapo hakuna aliyenishawishi tena, hata kwa mti wa mkoko.

Rehema anangoja nichague neno la kuweka kwenye simu. Nimemwambia sitaki yaliyokwisha andikwa, aniandikie hivi: Bi Mwanaidi yuko Kibiti, anaswali adhuhuri, pigeni saa nane. Anasema ni marefu mno. Nimemwambia ni jibu zima.

Kibanda kilikufa kila mtu alipopata simu yake, nami nilifurahi, sikununa. Ubao niliuhamishia barazani kwangu. Mzee Shabani aliendelea kupita kila siku ya soko kuhamisha kifuu chake hata pale kilipobaki peke yake, tena akija na simu yake mwenyewe mfukoni. Alipofariki, Tatu alikuja kukiomba. Tuliufuta ubao vumbi, tukakikuta Kijijini, na Mahege ndiko tulikotoka kumzika asubuhi ile. Tatu alikishika muda mrefu, kidole kwenye lile shoka, kisha akaniuliza kama ni kweli baba yake ndiye aliyekitundika pale.

Nikamwambia ni kweli. Mimi sikukigusa.